Wanawake waliotangulia kushika kamera: maonyesho ya Kigoma, anzia meza ya buluu

Ukishuka kutoka mtaa wa Mwanga kuelekea stesheni ya reli, ukumbi uko upande wa ziwa, na maonyesho yamegawanywa katika vyumba vinne. Kiingilio ni shilingi 2,000. Mwanafunzi mwenye sare haulizwi kitu. Fika saa tatu asubuhi. Madirisha makubwa yote yanatazama magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri jua linalorudi kutoka majini hupiga moja kwa moja kwenye vioo vya fremu, ukabaki unautazama uso wako badala ya picha uliyoifuata.

Maonyesho ya namna hii huwa na ugonjwa mmoja: kila ukuta unaandika "wa kwanza". Wa kwanza India, wa kwanza Ghana, wa kwanza vitani, basi. Mtu anatoka na orodha ya majina asijue hao wanawake walifanya nini kwa mikono yao. Hapa Kigoma, chumba cha kwanza na cha pili vimeukwepa ugonjwa huo vizuri sana. Vinaonyesha dawa, maji, uzito wa kioo na dakika zilizohesabiwa. Vyumba viwili vya mwisho vimeupata kidogo, na tutasema wapi.

Chumba cha kwanza ni cha Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza. Mwaka 1842 mwanasayansi John Herschel, aliyekuwa rafiki wa familia yao, aligundua njia ya kupata picha ya buluu kwa chumvi za chuma na jua tu. Mwaka uliofuata Atkins alianza kutoa, sehemu kwa sehemu, kitabu cha miani ya Uingereza, akakimaliza mwaka 1853. Ndicho kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kuwa na picha za aina hii. Hakutumia kamera wala lenzi. Aliulaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaukandamiza kwa kioo, akautoa juani. Kila ukurasa wa kila nakala ulipitia jua lake wenyewe, hata kurasa za maandishi.

Ukutani kuna nakala kumi na mbili za kurasa hizo, zimechapwa vizuri, lakini kiini cha chumba ni meza iliyowekwa nje, chini ya turubai, ambapo kwa shilingi 1,500 unatengeneza picha yako kwa njia ileile. Usipite bila kufanya hivyo. Waandaaji wameifanya kazi kwa usahihi unaostahili kuandikwa, kwa sababu mwalimu yeyote wa sayansi wa Ujiji au Kasulu anaweza kuirudia darasani.

Dada anayesimamia meza anapima gramu 25 za feriki amonia sitreti kwenye mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 nyingine. Kila moja ina chupa yake ya kahawia. Zinachanganywa nusu kwa nusu pale tu kazi inapoanza, maana zikishachanganywa hazikai. Mililita 3 hivi zinatosha karatasi ya sentimita 20 kwa 25. Karatasi ni ile nzito ya rangi za maji. Ya daftari hulegea ikilowa na kuchanika wakati wa kuosha. Dawa inapakwa kwa brashi ya sponji, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, kisha karatasi inakaushwa kwenye sanduku la giza mpaka ikauke kabisa. Rangi yake hapo ni njano ya kijani. Ikiwa imeshaanza kuwa ya buluu kabla ya kutoka sandukuni, mwanga umeingia mahali, omba nyingine.

Neno "sianidi" kwenye lebo linawashtua wengi, na ni haki kuuliza. Katika chumvi hii sianidi imefungwa na chuma kwa nguvu, haiachiliwi na maji wala ndimu. Hatari yake ni kuichanganya na asidi kali au kuichoma moto, na mezani hapo hakuna kimoja wala kingine. Glavu zinavaliwa, kula ni marufuku, na watoto hawagusi chupa. Mpangilio huo unatosha.

Baada ya hapo unachagua mmea. Wamekusanya majani ya mto, nyasi za ufukoni, vipande vya jani la mchikichi na ua la mwembe. Chagua kitu bapa. Jani la mchikichi linavutia macho lakini mshipa wake wa kati ni mnene, unainua kioo, mwanga unapenya pembeni na kingo zinatoka na ukungu. Mwani wa Atkins ulitoka na mistari myembamba kama nywele kwa kuwa ulilala sawasawa kwenye karatasi. Kosa jingine ni jani bichi. Likipigwa na jua chini ya kioo linatoa jasho, maji yanayeyusha dawa, na katikati ya picha panatokea madoa kama ya chai. Majani ya mezani yamelazwa ndani ya gazeti usiku kucha chini ya matofali, na ndiyo maana yanatoka safi. Ukileta la kwako, lifanye hivyo kwanza.

Juani, kati ya saa tano na saa nane, dakika 6 hadi 10 zinatosha. Usiangalie saa peke yake. Angalia rangi ya karatasi nje ya kivuli cha jani. Inapita njano, inakuwa kijani, kisha buluu, halafu inageuka kijivu cha shaba kama sufuria iliyoungua. Hapo ndipo unapotoa. Wengi wanaitoa ikiwa buluu nzuri kwa sababu wameipenda, na ikioshwa inapauka yote. Siku ya mawingu dakika 20 si nyingi, maana kinachofanya kazi ni miale ya urujuanimno na mawingu huipunguza.

Kisha kuosha, na hapa waandaaji wamefanya jambo la maana kuliko yote. Maji ya mji wa Kigoma yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina maji yenye magadi. pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, inakaribia 9. Rangi hii ya buluu inastahimili asidi lakini magadi yanaivunja. Picha ikiachwa kwenye beseni la maji ya bomba kwa nusu saa, kama vitabu vilivyoandikwa nchi nyingine vinavyoshauri, inaliwa mbele ya macho yako: kwanza sehemu laini zinapotea, halafu buluu nzima inakuwa kama shati lililofuliwa mara mia. Hapa beseni la kwanza lina kijiko kimoja cha chai cha asidi ya limau kwa kila lita ya maji. Wakiishiwa, wanakamua ndimu na kuchuja. Picha inakaa humo dakika 2, kisha dakika 5 tu kwenye maji safi mpaka njano yote iondoke. Mtu anayejaribu nyumbani asitumie sabuni hata tone, wala beseni lililofuliwa nguo bila kusuuzwa, kwa sababu hiyohiyo. Buluu itazidi kukolea yenyewe kwa siku nzima kadiri inavyopata hewa.

Chumba cha pili ni cha Julia Margaret Cameron, na hiki nacho kimefikiriwa. Mwingereza huyu alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815, akapewa kamera na binti yake na mkwewe mwishoni mwa mwaka 1863, akiwa na miaka 48. Banda la kuku lililokuwa na vioo akaligeuza studio, stoo ya makaa ikawa chumba cha giza. Januari 1864 akampiga picha mtoto aitwaye Annie Philpot, picha ambayo yeye mwenyewe aliiita mafanikio yake ya kwanza. Nakala yake iko kushoto unapoingia, na ukiwa na haraka basi simama kwa hiyo moja.

Enzi hizo negativu, ile picha ya kinyume ambayo nyingine huchapwa kutoka kwake, ilikuwa kioo. Unamwagia kioo kolodioni, majimaji mazito ya kunata, unakiinamisha huku na huku mpaka kienee, unakitumbukiza kwenye nitreti ya fedha, unakipiga picha kikiwa bado kimelowa, na unakisafisha kwa dawa ili picha itokee kabla hakijakauka. Muda wote huo ni kama dakika 10 hadi 15, na joto likizidi unapungua. Waandaaji wametundika saa ya ukutani na kuweka mezani kioo halisi cha sentimita 30 kwa 25, cha milimita 3, unachoruhusiwa kukinyanyua. Kina uzito wa zaidi ya nusu kilo. Kinyanyue kwa ncha za vidole, kama alivyolazimika yeye ili asiguse dawa, utaelewa kwa nini negativu zake zina alama za vidole, michirizi na nyufa. Wakosoaji wa siku zake walimshambulia kwa hayo na kwa kuacha nyuso zikiwa na ukungu. Yeye aliendelea kuziacha hivyo. Watu aliowapiga picha walikaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa, na ule mtikisiko mdogo wa pumzi uko ndani ya picha. Ndio unaozipa uhai ambao picha kali za wenzake hazina.

Hakuna maonyesho ya kolodioni yenyewe, na tunawapongeza kwa kukataa. Ina etha, ambayo mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo tu, na ukumbi wenye jenereta nje ya dirisha si mahali pake.

Katikati ya chumba cha pili na cha tatu kuna pazia jeusi, na kibao kinachoomba wazazi waingie kwanza peke yao kabla ya kuamua kuhusu watoto. Kiheshimuni. Ndani ni Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1898 na mumewe John, wakati nchi ile ikiwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tarehe 14 Mei 1904, katika misheni ya Baringa, mtu mmoja aitwaye Nsala alifika akiwa amebeba mabaki ya binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni ya kuvuna utomvu wa mpira. Harris alimwomba akae barazani. Nsala amekaa, anatazama mkono na mguu mdogo ulio mbele yake. Hakuna zaidi katika picha hiyo, na haihitaji zaidi.

Jambo walilopatia ni kutoitundika. Wanaiangaza ukutani kwa projekta katika chumba chenye giza, kwa kuwa ndivyo ilivyoonekana wakati wake: kina Harris walizunguka Uingereza na Marekani na vioo vya taa ya kuonyeshea, picha baada ya picha, maelezo yakisomwa kando, hadi watu wakashindwa kusema hawakujua. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Jina la Nsala na la Boali yameandikwa makubwa, la mpigapicha chini yake. Ni mpangilio wa haki. Baringa iko mbali sana na ufuko huu, karibu na mstari wa ikweta, lakini Kigoma ni mji ambao nusu ya mazungumzo ya sokoni yana lafudhi ya ng'ambo, na watu wanakaa humo ndani muda mrefu kuliko kwingine. Ndiyo sababu kasi ya projekta inakera: kila picha inapita kwa sekunde 6. Kwa picha hizi hata 30 si nyingi. Ni mpangilio wa kubonyeza mara mbili kwenye kompyuta, warekebishe leo.

Chumba cha tatu, cha waandishi wa habari, ndipo maelezo yanapoanza kukonda. Gerda Taro amepewa picha nne na sentensi mbili: kwamba alikufa Hispania Julai 1937 baada ya kugongwa na kifaru cha vita karibu na Brunete. Halijasemwa kwamba kazi zake nyingi zilienda kwa jina la mpigapicha mwenzake, Robert Capa, wala kwamba mwaka 2007 yalitokea Mexico masanduku yenye negativu kama 4,500, zikiwemo zake, ndipo wataalamu wakaanza kutenganisha ya nani ni ipi. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Margaret Bourke-White ana jalada la toleo la kwanza la jarida la Life, Novemba 1936, bwawa la Fort Peck, zuri, pita.

Simama kwa Homai Vyarawalla. Alizaliwa Gujarat, India, mwaka 1913, picha zake za mwanzo zikachapishwa kwa jina la mumewe, na kuanzia mwaka 1942 akafanya kazi Delhi, ndani ya sari, akiwa mwanamke pekee kati ya wanaume waliosukumana kuwapiga picha Nehru, waziri mkuu wa India, na Mountbatten, mtawala wa mwisho Mwingereza. Meza ya vifaa hapa ni nzuri: kamera moja ya Speed Graphic isiyofanya kazi, na kamera ya Rolleiflex inayofungua. Bebeni hiyo ya kwanza. Kishikizi kimoja cha filamu kina karatasi mbili tu, na taa ya flashi huungua mara moja ukaitupa, kwa hiyo mtu aliyeingia mkutanoni na vishikizi sita alikuwa na nafasi kumi na mbili, siyo mia tatu. Kisha inamia Rolleiflex na uangalie kwa juu: kulia kunakuwa kushoto. Ukimfuata mtu anayetembea, mkono wako unaenda upande usio wake. Baada ya dakika tano unaanza kuzoea, na hapo unaiona heshima ya kazi yake kwa mwili, siyo kwa kusoma.

Mpigapicha wa Marekani, Dorothea Lange, amevunjiwa heshima, na haikuwa lazima. Picha ya mama mhamaji, Florence Owens Thompson, iliyopigwa Nipomo, California, Machi 1936, imechapwa sentimita 50 kwa 60 kutoka kwenye faili dogo la simu. Ukisogea, mikunjo ya paji la uso imekuwa vijisanduku. Kwa ukubwa huo unahitaji angalau pikseli 3,000 kwa 3,600 hivi, na Maktaba ya Bunge la Marekani inatoa faili kubwa kuliko hilo bure, kwa kuwa ilipigwa kwa kazi ya serikali na haina hakimiliki. Isitoshe, fundi ameikata pembeni ili iingie kwenye fremu, na amekata kona ya chini kulia, palepale palipokuwa na kidole gumba kwenye nguzo ya hema ambacho Lange alikifutisha baadaye kwenye negativu. Kingo za picha ni uamuzi wa mpigapicha. Hazikatwi kwa ajili ya fremu. Fremu ndiyo inayotafutwa kwa ajili ya picha.

Katika chumba hichohicho karatasi zimegusana moja kwa moja na vioo. Unyevu wa ziwa utazigandisha, na siku ya kuzitoa zitabanduka na ngozi. Kadi ya milimita 2 iliyokatwa dirisha katikati, ikawekwa baina ya picha na kioo, inamaliza tatizo. Pia zimetundikwa juu mno. Katikati ya picha pangekuwa sentimita 150 kutoka sakafuni, sasa ni kama 170, na wanafunzi wa msingi wanatazama kwa shingo.

Na lugha. Maelezo yote ni ya Kiswahili, jambo la kushukuru sana, lakini yametafsiriwa na mtu asiyewahi kuingia studio. "Kuendeleza filamu" ni nini? Fundi yeyote wa Mwanga, kijana kwa mzee, anasema kusafisha. "Picha hasi" ni negativu. "Mviringo wa filamu" ni mkanda. Maneno haya yapo, yamesemwa nchini kwa miongo mingi, na ukuta kama huu ndio mahali pa kuyatunza.

Chumba cha nne ni kidogo na kina mwanga mzuri kuliko vyote. Karimeh Abbud wa Palestina, aliyepiga mhuri wa jina lake nyuma ya picha zake kwa Kiarabu na Kiingereza, alikwenda na kamera majumbani, na wanawake ambao wasingeenda studio ya mwanamume wakapata picha zao. Mama wa Ujiji hahitaji kufafanuliwa maana ya hilo. Kando yake ni Felicia Abban wa Accra, aliyefariki mwaka 2024, mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hii kitaalamu Ghana na aliyempiga picha Kwame Nkrumah. Kabla ya kwenda kwenye sherehe alikuwa akijipiga picha mwenyewe, amevaa kitenge au gauni la kisasa, na picha hizo zikawa tangazo la studio yake. Mwaka 2019 zilifika Venice katika banda la Ghana. Angalia mkono wa kushoto wa kila picha na pazia la nyuma: mtu huyu alijua taa yake iko wapi. Vivian Maier wa Marekani naye amewekwa humu, na kwa maoni yetu hakustahili chumba hiki. Alikuwa mpigapicha mkubwa, lakini kazi zake ziligunduliwa mwaka 2007 tu, miaka miwili kabla hajafa. Mtu hamwiti mwanzilishi yule ambaye hakuna aliyemfuata kwa kutomjua.

Nafasi yake ingechukuliwa na Judy Goodall. Hifadhi ya Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji huu, boti zinatoka Kibirizi, na maonyesho ya Kigoma hayana neno lolote juu yake. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwaka 1960 hakutaka mpigapicha mgeni awasumbue sokwe, na mwaka 1961 mdogo wake Judy ndiye aliyeitwa kuja kupiga picha, kabla mpigapicha Hugo van Lawick hajafika mwaka 1962. Alikuta mvua. Mnyama mweusi, chini ya miti minene, kwa filamu za wakati ule zilizodai mwanga mwingi: hapo ndipo pa kumfundisha mtoto wa Kigoma kwa nini picha hukataa. Ukuta wa mlangoni uko wazi, una nafasi ya fremu tatu.

Ukitoka, chukua picha yako ya buluu kutoka kwenye kamba. Ibebe bapa ndani ya gazeti, siyo ndani ya mfuko wa plastiki, itavunda. Nyumbani usiitundike mbele ya dirisha, wala kwenye ukuta uliopakwa chokaa mpya, maana chokaa ni magadi. Ikipauka kwa mwanga, iweke ndani ya kitabu kwenye kabati lenye giza na usiibane sana. Baada ya siku chache buluu inarudi.